Kiti cha Nyuma

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Sauti bado ipo. Nikinadi nguo zangu hapa sokoni wananisikia mpaka kwa wauza viazi. Barua yako nimeipata. Mistari mitano, na miwili kati ya hiyo ni salamu. Bubu wangu, hata kwa kalamu unabania?

Unasema bosi wako hapo kwenye duka la kinyozi amekupa mpaka mwisho wa mwezi uchangamke, la sivyo kiti chako kitapewa mwingine, maana wateja wanadhani umenuna. Hajakosea. Mtu akija kunyolewa anataka na soga. Mwangalie huyo mwenzako mnayemwita Chiriku, kiti chake hakipoi. Nakupa kichekesho cha kuanzia: mtu mmoja alijisifu kwamba mkewe hajamsemesha wiki nzima, rafiki zake wakamwomba awatajie dawa aliyotumia. Hicho hakijawahi kuniangusha.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa hivyo hivyo. Nimeishi naye miaka yote ile na mpaka leo sijui kama alinipenda. Sitaki mwanamke mwingine aachiwe swali hilo na wewe.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi sijambo.

Kichekesho nimekitumia. Mteja alikuwa mtu mzima, ndevu zimeachwa siku kadhaa. Chiriku alikuwa amenyamaza kidogo anywe chai, kwa hiyo wote walisikia. Yule mzee hakucheka. Alisema, "Wangu amenyamaza tangu juzi. Tunamzika kesho."

Nilizima mashine, nikamwekea taulo la moto usoni, nikasubiri mpaka mabega yake yakatulia. Kisha nikamaliza kwa wembe, polepole. Bosi amenihamishia kiti cha nyuma, karibu na beseni la kufulia mataulo, ambako watu hawafiki mpaka viti vingine vijae. Mwisho wa mwezi uko palepale. Tafadhali usinitumie kingine.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Habari za huko? Mimi nilikuwa mzima mpaka niliposoma barua yako, nikakaa juu ya robota la nguo nisijue la kumwambia mteja aliyekuwa mbele yangu. Kosa ni langu. Nguo ya kuazima haisitiri, na ulimi naona ni hivyo hivyo.

Lakini usiniambie kwamba kunyamaza ndiyo dawa. Ukifukuzwa, rudi nyumbani. Mezani kwangu pana nafasi. Nitaongea mimi, wewe utakunja mashati.

Mama yako

21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, na sijafukuzwa.

Yule mzee alirudi. Alivipita viti vilivyokuwa wazi, akaja kukaa huku nyuma, akasema, "Kama siku ile." Sikumwambia kitu na yeye hakuniambia kitu. Wiki iliyofuata akaja na jirani yake. Sasa kuna mwalimu anayeongea darasani kutwa, akifika kwangu anafumba macho. Kuna muuguzi anayetoka zamu, huyo analala kabisa, namshika kichwa kisianguke. Siku nyingine watu wanasubiri kiti changu huku cha Chiriku kiko wazi. Jumamosi Chiriku mwenyewe alikaa nimnyoe. Alinyamaza mwanzo mpaka mwisho, nikadhani anaumwa.

Juzi bosi alitaka kunipa kiti cha mlangoni, ndicho cha heshima. Nimekataa. Chiriku anakifaa, anaita watu kutoka barabarani na wanafurahi. Mama, mimi siumwi wala sina kinyongo na mtu. Ndivyo nilivyo. Zamani nilidhani nikikua nitaacha. Nimekua.

Mwanao

2 Mei

Wewe mtoto,

Hujambo? Mimi sijui kama ni mzima. Umekataa kiti cha mlangoni? Baba yako alikataa usimamizi wa ghala vivyo hivyo, na hakunieleza sababu mpaka anaingia kaburini. Barua haitoshi. Alhamisi napanda basi, nije nikuseme ana kwa ana.

Mama yako

16 Mei

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Nimefika nyumbani salama, mgongo haukusumbua sana.

Nilikuja na maneno ya kukusema tangu stendi, nimeyapanga safari nzima. Ukanikalisha kwenye kiti chako, ukaniosha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, ukaanza kuzipunguza mvi zangu. Nikawa nasubiri umalize sehemu moja ndipo nianze. Umemaliza kichwa kizima sijaanza.

Kisha nikawa siwezi kuinama nifunge viatu, ukapiga goti ukanifunga. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mimba yako ilipokuwa kubwa, baba yako alikuwa ananifunga viatu hivyo hivyo, kila asubuhi, na kamba alizikaza kwa namna hiyo hiyo yako. Yeye yuko chini, mimi juu ya kichwa chake naongea, namlalamikia kwamba hasemi kitu.

Alinipenda. Nimelia kwenye basi, abiria wa pembeni akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumjibu.

Kaa kwenye kiti chako. Kile kichekesho sikisimulii tena. Barua hii ni fupi, usidhani naumwa.

Mama yako