Kuku Mwekundu wa Delmer Napier

Nashville, Tennessee
Jumatatu, 10 Oktoba 1988

Dada yangu mpenzi Maxine,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumai zitakukuta umesimama nyuma ya kaunta yako na si kitandani kwa ule mgongo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie zile soksi za sufi alizonifumia nimezivaa tangu Ijumaa, maana baridi imeanza kuchungulia. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya mgahawani nimeiacha wiki mbili zilizopita, kwa hiyo katika ukoo wetu umebaki peke yako unayebeba sahani tano kwa mkono mmoja.

Barua yako ya tarehe tatu imenifikia. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu niliposoma jinsi Mama anavyonyamazisha nyumba nzima wimbo wangu ukianza, hata mchungaji aliyekuja kumwombea mguu akaambiwa angoje wimbo uishe. Baba angekuwa hai angesema nyumba imeingiwa na wazimu. Kisha angesogeza kiti chake karibu na redio, akijifanya anatafuta miwani.

Habari za huku ni kwamba wimbo unapanda. Kampuni ya rekodi imenipeleka katika vituo tisa vya redio tangu Agosti, na kila kituo swali ni lile lile: je, kisa hiki ni cha kweli? Ni kweli nilikaa kwenye daraja la kuning'inia Jumamosi tatu mfululizo, msichana wa miaka kumi na minane, nikimngoja mvulana asiyetokea? Nami nimejibu kama nilivyoelekezwa, kwamba ni kweli, kila neno. Watu wanapiga simu wakilia. Dereva mmoja wa lori kule Arkansas alisema ilimbidi aegeshe kando ya barabara mpaka macho yamkauke. Mama mmoja amenitumia pete ya kuhitimu shule aliyopewa na mpenzi wake wa mwaka hamsini na tisa, bado ina uzi aliouzungushia ili imkae kidoleni, eti nijue siko peke yangu. Nimeiweka kwenye kikombe juu ya friji. Kila nikichukua maziwa naiona, na sijui niirudishe vipi.

Sasa nije kwenye ile sehemu ya barua yako ambayo haikunichekesha. Najua uliiandika kunifurahisha. Umesema watoto wa shule wanamwimbia Delmer Napier kiitikio changu kila asubuhi anapoendesha basi, kutoka kituo cha kwanza mpaka getini. Umesema kuna aliyeandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha nyuma, "Dereva huyu haendi darajani." Umesema mkewe, Charlene, ameacha kuja mazoezi ya kwaya. Na umesema kwa fahari kabisa kwamba tangu Septemba, Delmer akija kula asubuhi unamwekea vile vimkate vya moto vikavu hivyo hivyo, bila ule mchuzi unaowamwagia wengine, na hajawahi kuuliza.

Halafu ukaniandikia kwamba Jumanne ile ulishindwa kuvumilia, ukamuuliza mbele ya wateja wote ilikuwaje akamwacha mdogo wako anyeshewe. Akaweka uma chini, akakuambia, "Kama Glenna ameimba hivyo, basi ndivyo ilivyokuwa." Akalipa, akatoka. Wewe ukamalizia kwa kusema, "Umeona? Hata mwenyewe amekiri, na aibu hana."

Dada, nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka Baba alivyompiga marufuku Delmer kukanyaga baraza letu, baada ya ile kesi ya mti wa mpakani kati yake na mzee Napier. Simu ndiyo usiseme, Baba alijua sauti ya kila Napier. Kilichobaki ni kile kipindi cha redio, Nipe Nikupe. Kila Jumamosi saa tatu, matangazo ya vifo yakiisha tu, nchi nzima ya milimani ilikuwa kwenye redio, huyu anauza jembe la kukokotwa na nyumbu, yule anatafuta kitanda cha mtoto. Delmer ndiye aliyebuni. Alikuwa akipiga simu redioni kusema anatafuta kuku mdogo jike, mwekundu. Maana yake alikuwa anaomba tuonane. Nami nikiweza kutoka, nilikuwa nikipiga kusema nina mitungi ya kuhifadhia maharage, anayeitaka aje. Basi saa tisa alasiri tulikuwa darajani. Ulikuwa unanicheka, unakumbuka? Ulisema msichana gani huyu ana mitungi ya kuuza kila wiki na kabati la Mama halipungui.

Mwaka mzima tuliishi hivyo. Bwana Estill pale redioni alikuwa anatangaza mapenzi yetu katika wilaya tatu bila kujua. Delmer alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kutaja jina lake, na mimi kile kikohozi tu kilikuwa kinanitosha. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka kumi na minne nimeishi mjini humu, na Jumamosi ikifika saa tatu asubuhi bado mkono wangu unaitafuta simu. Redio ya kwetu haifiki huku. Nakaa tu kwenye ukingo wa kitanda mpaka saa tatu na nusu, wakati ambao kipindi huisha, ndipo nachemsha kahawa.

Sasa kumbuka kiangazi cha sabini na nne, baada ya kumaliza shule. Mimi na wewe jikoni, beseni la maharage mabichi katikati yetu, tunavunja ncha na kutoa nyuzi, na redio juu ya kabati. Delmer akapiga. Anatafuta kuku. Mimi nikaendelea kuvunja maharage. Jumamosi ya pili akapiga tena. Jumamosi ya tatu alikohoa, akasema, "Bwana Estill, ni mimi Delmer tena. Bado namtafuta yule kuku. Hata kama ni leo, hata kama mvua inanyesha, nakuja kumchukua." Bwana Estill akamtania, "Kijana, huyo kuku wako keshaliwa na mbweha." Ukacheka, Maxine, ukasema huyu mvulana na kuku wake atatumaliza. Na mimi nikacheka na wewe.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Hakuniacha. Alikwenda darajani Jumamosi zote tatu, hata bila kusikia mitungi yangu, na mimi ndiye ambaye sikwenda. Nilikuwa nimekaa na wewe, miguu mikavu, nikisikia mvua kwenye bati la baraza na nikijua yuko pale. Alikuwa ameniambia mwezi wa tano kwamba amepata kazi kwenye kiwanda cha mbao na anataka tuoane kabla ya majira ya baridi. Na mimi nilikuwa na tiketi ya basi la kuja Nashville, nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa. Nilimpenda, dada yangu. Nilimpenda kiasi kwamba nilijua nikimwona uso tu, tiketi ile ningeichana mwenyewe. Nikachagua kutomwona. Sikumpa hata neno la kwaheri, nami nilikuwa na simu ukutani, hatua tatu kutoka nilipokaa.

Usiku niliokulilia begani, ukaniuliza kama amenitupa, sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana. Ukamlaani badala yangu, na nilijisikia vizuri kusikia mtu mwingine akilaaniwa. Uongo wenyewe ulianzia hapo, begani kwako, kabla ya redio yoyote.

Kuhusu wimbo, nilipouleta haukuwa hivi. Huku nyimbo hutungwa saa nne asubuhi kama kazi ya ofisini, watu wawili watatu katika chumba kimoja na gitaa, na mimi niliketishwa na mzee mmoja aitwaye Rayburn Tuttle, ambaye ametunga nyimbo tangu mimi na wewe hatujazaliwa. Nikamwimbia wimbo wa msichana aliyebaki jikoni. Alisikiliza macho ameyafumba, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Binti, wimbo ni mzuri na hautasikilizwa na mtu. Watu hawalii na aliyeacha. Wanalia na aliyeachwa. Wewe nenda ukakae darajani, yeye mbakishe nyumbani."

Ilikuwa kazi ndogo sana, Maxine. Kahawa yangu ilikuwa bado ya moto tulipomaliza. Nilijiambia ni wimbo tu, na kwamba kule kwetu hakuna atakayemtambua. Ujinga ulioje! Nani milimani asiyejua ni msichana gani na mvulana gani waliokuwa wakionekana kwenye lile daraja? Nilichukua kungoja kwake nikakugeuza kuwa kungoja kwangu. Nilichukua mpaka mvua yake.

Yeye angeweza kusema. Neno moja pale kaunta lingetosha, na watu wangemwamini, maana hajulikani kwa uongo. Hakulisema. Anaendesha basi watoto wakimwimbia, anakula vimkate vikavu, na ukimuuliza anasema ndivyo ilivyokuwa. Nimejaribu kujidanganya kwamba amesahau. Hajasahau. Hataki tu kunitia aibu, kama ambavyo hakutaka wakati ule, la sivyo asingepiga simu redioni kutafuta kuku mara tatu badala ya kuja kunipigia kelele getini.

Ijumaa nilimwendea mkuu wa kampuni nikamweleza yote. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinitisha. Alisema kwa upole kwamba wimbo utakufa siku watu watakapojua, na jina langu pamoja nao, na kwamba kufikia Krismasi watu wa kwetu watakuwa wamepata mtu mwingine wa kumsema. Akaniomba ninyamaze tu, basi. Nikasema sawa, bwana. Nikarudi nyumbani, nikavaa soksi za Mama, nikaisoma barua yako tena. Kufikia asubuhi nilikuwa nimeshaamua.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, Jumamosi hii redio ya mgahawani kwako iwe wazi saa tatu, na sauti iwe ya kumfikia mtu aliyekaa meza ya mwisho karibu na mlango, ambayo umesema ndiyo yake siku hizi. Nitapiga simu Nipe Nikupe. Bwana Estill namsikia bado yupo, na sheria yake haijabadilika, kila mtu ana dakika moja na asiseme mambo ya siasa. Yangu hayatafika dakika. Nimeyaandika ili nisiimbe badala ya kusema, na wewe uyasome kwanza kabla ya watu:

"Bwana Estill, mimi ni Glenna Stidham. Mwaka wa sabini na nne kuna mtu alipiga simu hapa mara tatu akitafuta kuku mwekundu. Alikuwa ananiita mimi. Nilimsikia mara zote tatu, na mitungi ilikuwapo. Aliyengoja darajani ni Delmer Napier. Mimi sikwenda."

Basi. Sitaki chochote kutoka kwake. Ana Charlene, ana wale pacha wake, na watu wakimwona kanisani wajue ni mume na baba wa namna gani. Nisingependa uniulize kama nitakuwa nasikiliza nione kama kuna atakayepiga baada yangu, akakohoa kidogo kabla ya kutaja jina lake. Nitakuwa nasikiliza, kwenye simu hiyo hiyo bila kuikata. Najua hatapiga, na nitabaki nimeshika simu mpaka saa tatu na nusu.

Mweleze Mama taratibu, Ijumaa jioni, akishakula. Akikasirika mwache akasirike. Na wewe pia kasirika, unayo haki, ila usichome barua hii kabla ya Jumamosi. Nisalimie mchungaji na jirani zetu wote. Mwambie Bwana Estill, ukimwona, asiniulize habari za wimbo kwanza, aniache niseme lililonipeleka.

Ombi la pili ni dogo. Delmer akija asubuhi hiyo, usingoje nipige simu. Mpe mchuzi wake.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa jikoni na wewe,

Glenna