Madoa ya Njano

Alhamisi, Bugarama

Eti jani ni nyumba! Binti yangu Zawadi, mwalimu wa biolojia, leo amenichorea seli kwenye tope la shamba. Ukuta nje unashika umbo. Katikati kuna tangi la maji. Kiini kinatoa amri, na vile vidonge vya kijani, kloroplasti, vinapika chakula kwa mwanga wa jua.

"Kumbe jani liko na jikoni," nikamwambia. "Na kiini ndiye mama yako, anatoa amri kutwa."

Hakucheka. Alichuma jani la mpunga wangu lenye madoa ya njano. "Papa, hii ni virusi. Inaingia pale jani limekwaruzika, inalazimisha seli izae virusi ingine. Jikoni inazimika. Dawa hakuna."

"Si mashina machache tu?"

"Inapita ku mikono na ku majembe. Hii wiki ulipalilia wapi ingine?"

Nikahesabu siku. Sisi hupalilia kwa zamu. Jumatatu tulimaliza kwangu, Jumanne tukashuka kwa Maman Furaha, mjane jirani, bila kunawa. Mimi nilitangulia, nikipiga porojo, nikipangua mpunga wake kwa mikono hii.

Jioni nilipita kwake. "Mzee, angalia mpunga wangu umependeza!" akaniita. Kweli, wote kijani. Zawadi anasema madoa hukawia siku kadhaa.

Sikumwambia. Nilikunywa chai yake.

Kesho ni zamu ya shamba la tatu. Lazima niwazuie njiani, na Maman Furaha hutangulia mbele ya wote: wa kwanza kuniuliza sababu atakuwa yeye.