Jiwe Liitwalo Nisubirini

Dada yangu mpendwa,

Huku tu wazima, ila kiti changu cha ofisini kimevunjika mguu, nimekiwekea juzuu la herufi M. Kikohozi cha shemeji vipi? Mwambie aache ubishi, anywe dawa.

Wiki nzima tumegombania mawe. Mkuu wetu anataka ensaiklopidia ipunguzwe, kurasa za vijiwe vyote vya baharini ziondolewe. "Jiwe ambalo kunguru wawili wakitua wanabanana, nalo lipewe ukurasa?" Nilicheka na wenzangu, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimeshafuta mawe kumi na tisa.

La ishirini lilikuwa Nisubirini.

Unamkumbuka yule mchora ramani aliyekuja mwezi uleule wa msiba? Alikuuliza jiwe lile linaitwaje, nawe siku hizo huli, husemi. Ukamjibu kwa neno la mwisho alilotupigia kelele kaka akiogelea kwenda kule, kabla maji hayajamchukua. Mchora ramani akadhani ni jina. Leo limo katika kila ramani.

Nilimweleza mkuu. Alivua miwani, akasema, "Liache." Ila kanuni yetu haina huruma: kisichoandikwa popote hatukiandiki. Kwa hiyo ukurasa bado unaishia hivi: "Asili ya jina haijulikani."

Miaka thelathini hatujalitaja, mimi na wewe. Niandikie, dada. Hata mstari mmoja. Mkuu amesema barua yako itatosha kuwa ushahidi.

Ni mimi mdogo wako, uliyenishika mkono siku ile nisimfuate.