Shiriri Niliyoipaka Mafuta

Kakamega, Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu salamu nyingi kushinda viatu za mguu moja zenye ziko kwa gunia yangu ya mtumba, na hizo ni nyingi, usicheze. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Wundanyi? Ile dawa ya kuchua unapaka, ama umeipea kuku? Sisi huku tuko. Wakesho ni mzima, anakula obusuma, ugali ya huku, kama mtu wa kuzaliwa hapa. Mimi pia ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo imekataa kuongea na mimi tangu juzi.

Barua yako ilifika. Nimeisoma mara tatu. Unasema mwezi wa kumi na mbili nimlete Wakesho akae na wewe, kwa sababu mwanaume peke yake hawezi kulea msichana, na tangu mama yake aende zake mimi nashinda kwa soko kama mbwa wa bucha. Mama, sikukasirika. Kusema kweli, nilikuwa nimekubali. Leo niko Mumias na gunia mgongoni, kesho Bukura, kesho kutwa Matungu. Narudi napata mtoto ameshapika na ameosha vyombo, ananiuliza, "Baba, umekula?" Sasa hapo nani analea nani? Nilikuwa natafuta kalamu tu nikuandikie ndiyo. Lakini ngoja kwanza nikwambie ya wiki hii.

Kulikuwa na mashindano ya muziki ya shule. Wakesho alichaguliwa apige ala peke yake, mtoto wa darasa la nne, mbele ya watu wote hao. Anapiga shiriri. Hiyo ni kitu ya huku: kigogo kimetobolewa, kimefunikwa na ngozi ya kenge, kina uzi moja tu, unaisugua na upinde wa nyuzi za mkonge. Ikipigwa vizuri inalia kama mtu anakuelezea shida zake. Ameiazima kwa mama mwenye nyumba, Mama Nekesa. Ilikuwa ya marehemu mzee wake. Huyo mama ndiye amemfundisha, kila jioni mimi nikiwa njiani. Nilikuwa sijasikia hata wimbo moja mpaka mwisho. Nikifika, wao wanamaliza.

Alhamisi nikaamua hapana. Nikamwambia, "Jumamosi siendi soko. Nakuja kukusikiza."

Akaniangalia. "Ulisemanga hivyo hivyo siku ya wazazi."

Mama, hiyo iliingia.

Basi Ijumaa nikabaki nyumbani, yeye ameenda shule. Nikaangalia hiyo shiriri. Chafu! Vumbi tupu, na pale chini donge nyeusi imegandana kama lami. Nikasema, mtoto wa Mghanga asimame mbele ya majaji na kitu kama hiyo? Wewe unanijua. Kiatu ikifika mkononi mwangu, hata kama imetoka kuzimu, itang'ara. Nikakwangua ile donge yote na kisu. Nikapiga ngozi polishi. Nyuzi za upinde zilikuwa ngumu kama ndevu za beberu, nikazipaka mafuta ya nywele, nikazichana mpaka zikalala. Nikaitundika kwa ukuta nikajipongeza.

Saa kumi Wakesho akaingia. Akaiona kwa ukuta. Akachukua upinde, akasugua. Hakuna. Mama, hakuna sauti kabisa! Upinde unateleza tu kama kambare. Akajaribu tena. Halafu akaiweka chini polepole.

"Baba, ile nyeusi ilikuwa utomvu. Unasugua upinde hapo. Ndiyo inafanyanga ilie."

Hakulia. Heri angelia.

Mama Nekesa kusikia kimya, akakuja. Akashika upinde, akanusa.

"Khane! Kumbe umeisuka nywele?"

"Nilikuwa naisafisha, Mama."

"Wewe Mtaita! Mzee wangu alipiga hii mpaka akazeeka, hakuna siku aliiogesha. Si ungeiuza tu na hizo viatu zako tujue moja?"

"Nisamehe."

"Samahani hailii kwa jukwaa. Toka, kata mkonge hapo kwa ua. Halafu panda baiskeli uende Bukura kwa fundi wa shiriri, umwambie akupee utomvu. Na umwambie kwa nini. Nataka acheke."

Alicheka, Mama. Aliita na mke wake akuje acheke. Kurudi, mnyororo wa baiskeli ukakatika, nikaisukuma hiyo milima yote. Nikapata hao wawili wamekwangua mkonge, wameosha, wameukausha juu ya jiko, wanafunga upinde mpya. Hakuna mtu aliniambia pole. Sikuomba.

Jumamosi nikaenda. Nilisimama nyuma kabisa, na wazazi wenye makoti. Wakesho akaitwa. Kuanza tu, shiriri ikatoa sauti ya mtu ana homa, watoto wakacheka. Mimi nikatafuta mlango na macho. Lakini yeye akasimamisha, Mama. Mbele ya majaji! Akageuza upinde, akausugua kwa utomvu mara tatu, bila haraka, kama mtu anapaka mkate. Akaanza tena. Na ikalia. Haikuwa kubwa, ilikuwa nyembamba, lakini watu wakanyamaza. Nikasikia wimbo wote, mpaka mwisho.

Akawa wa tatu. Wenye wanaendelea mbele ni wawili tu. Jaji alisema mtoto anajua, isipokuwa upinde ni mpya, haujakunywa utomvu, ndiyo sauti ikapungua. Nilisikia hiyo na masikio yangu.

Tukarudi kwa miguu. Nilikuwa nimechoka mpaka nikasahau mizaha, na yeye akachoka zaidi, nikambeba mgongoni mahali gunia hukaa. Nilikuwa nangoja aseme ni makosa yangu. Tulienda mbali sana, nikafikiri amelala. Halafu akasema hapa kwa shingo, "Mwaka ujao upinde utakuwa umezoea, Baba."

Mwaka ujao. Mama, sikumwambia kuna barua yako.

Kwa hivyo mwezi wa kumi na mbili tutakuja wawili, na tutarudi wawili. Soko ya Matungu nimeiacha, hiyo siku nitakuwa nyumbani. Najua utakasirika. Kasirika na mimi, yeye mpikie tu.

Salimia dada yangu mkubwa na mume wake fundi seremala, mjomba anayeongoza kwaya kanisani, na yule jirani anayekusomea barua. Mwambie hapa mwisho asiruke kitu.

Macho yanafunga. Mungu akuwekee hilo goti.

Mimi mwanao wa tatu,
Mghanga