Mpaka Mwongozaji Aseme "Kata"

Mwenzangu, sikia ya leo kwenye filamu yetu. Mwandishi wetu amemkaba mwongozaji. Kumkaba kweli, si kuigiza!

Mwigizaji wa kunyongwa hakutokea, mwongozaji akaamua kucheza nafasi hiyo mwenyewe, akamwambia mwandishi awe muuaji. Na asubuhi hiyohiyo mwongozaji alikuwa amelifuta jina la mwandishi kwenye filamu, akaweka lake!

Jamaa akambana shingo. "Sema tena hadithi ni yako! Sema!"

Maneno hayo hayamo kwenye skripti. Damu puani, visigino vinapiga sakafu, sisi tunaendelea kurekodi. Si unajua sheria yetu? Hakuna kusimama mpaka mwongozaji aseme "kata".

Sasa atasemaje, koo limebanwa?

Mama wa usafi ndiye aliyewatenganisha, kwa fagio. Mwongozaji yuko hospitali, anapumua.

Na mimi, alipokuwa akikabwa? Mimi nilisogeza kamera, nipate macho yake vizuri.