Kitanzi cha Sentimita Ishirini na Nne

Jumatatu, 4 Agosti
Madaftari ya kidato cha pili, bado ishirini. Nimekata maksi kwa kila aliyeandika jibu bila kipimo. Nane ya nini? Nane mawe? Nimeandika hivyo kwa wino mwekundu kwenye madaftari kumi na moja na nikajisikia vizuri.

Jioni kaja Nestori, jirani yangu, fundi baiskeli. Kambale wameingia kwenye bwawa lake la perege, wanamaliza vifaranga. Wavu wanaupita chini. Ndoano hawaitaki. Kulikausha bwawa kiangazi hiki ni kuua kila kilichomo. Kasikia watu wa pwani wanachoma samaki kwa mkuki wa mpira. Si mimi ni mtu wa Tanga?

Nikasema ndiyo, nimekua nao huo. Uongo mtupu. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge. Bahari naijua kwa kuitazama. Lakini miaka mitatu hapa Heru Juu wananiita mtu wa bahari na mimi nimeachia tu. Ni tamu kuitwa hivyo.

Jumatano, 6 Agosti
Nimetazama video kwenye simu, mtandao unakatika kila dakika. Mzungu anaongea mbio. Nimeambulia haya: uti, mpira, ncha, na namba zake. Basi. Mpira unafungwa mkiani mwa uti, kitanzi. Kidole gumba ndani ya kitanzi, mkono unavutwa mbele, unaukamata uti. Ukiachia, mkuki unaruka.

Nimemchorea Nestori karatasi safi, kwa rula. Uti: mwanzi mkavu, unene wa kidole gumba, sentimita 180. Ncha: spoki tatu za baiskeli, sentimita 15, zinolewe, zifungwe kwa waya. Mpira wa ndani wa pikipiki, kitanzi sentimita 24. Kaipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikukuu, hakuna shule. Nimeshinda kibandani kwa Nestori. Mkaratusi kaukataa mwenyewe, mzito. Nondo pia. Mwanzi kaupitisha juu ya moto, akaunyoosha kwa goti mpaka ukanyooka kweli. Mimi nilikaa kwenye benchi natoa maelekezo.

Kazoea inchi. Kwa heshima yangu kaigeuza futi yake ya kupimia, akatumia upande wa sentimita. Alipofika kwenye mpira akasimama. "Mwalimu, huu si mfupi? Mkono hautafika."

Wateja wawili walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia mpira mfupi ndio unaosukuma zaidi, hiyo ni fizikia. Akacheka, akasema yeye kaishia darasa la saba. Akakata.

Jumamosi, 9 Agosti
Nestori aliingia bwawani, maji ya magoti. Mara ya kwanza kavuta, hakufika hata nusu ya uti. Mimi nipo ukingoni. Nikasema vuta, usiogope. Nilisema hivyo. Kainama, kavuta kwa nguvu zake zote. Kifundo cha mkiani kikaachia. Mpira ukaruka na waya uliokuwa umeufunga, ukampiga jicho la kushoto.

Hakupiga kelele. "Mana yanje," Mungu wangu kwa Kiha, basi, akakaa ndani ya maji. Mkewe, Mama Furaha, ndiye aliyeingia kumtoa. Mimi nimesimama na viatu vyangu vikavu.

Bodaboda mpaka hospitali, Kasulu mjini. Nestori katikati, mimi nyuma nimemshikilia. Damu yake ipo kwenye shati langu, bado sijalifua.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeitazama tena video. Mara nne. Inchi. Yule mtu anasema inchi ishirini na nne. Uti niliubadilisha kutoka futi, spoki nilizibadilisha kutoka inchi. Mpira nilisahau. Kitanzi kilitakiwa kuwa kama sentimita sitini, theluthi ya uti.

Fundi aliona kwa macho tu. Mimi nikamziba mdomo mbele ya wateja wake.

Sijala.

Jumatano, 13 Agosti
Hospitali. Daktari kasema jicho hilo litaona mwanga, si zaidi.

Na bado kuna baya kuliko hilo. Kila anayekuja kumjulia hali, Nestori anamwambia kosa ni lake. "Karatasi ya Mwalimu ilikuwa sawa. Mimi ndiye nilipima vibaya, hizi sentimita sijazizoea." Mgonjwa wa kitanda cha pili akanitazama kwa heshima. Nilikuwa namenya chungwa. Nikaendelea kumenya.

Nimemtoa mtu jicho, nikamlisha chungwa, nikanyamaza.

Ijumaa, 15 Agosti
Ofisini mwalimu wa hisabati kasema hawa mafundi wetu ukiwapa vipimo wanapuuza. Wakacheka. Nikacheka nao. Sitaisahau sauti yangu ile.

Nestori karudi nyumbani jana. Baada ya vipindi nikaenda mpaka mlangoni kwake. Ndani Mama Furaha anamgombeza: watu wameanza kupeleka baiskeli kwa fundi mwingine wa kule juu, nani atamwamini fundi asiyejua kupima?

Nikageuka, nikarudi. Mimi ni mwoga. Liandikwe hivyo hivyo.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimesema.

Nilimwomba Nestori ile karatasi. Kaitunza ndani ya Biblia. Nikamwonyesha namba, nikamwambia ilivyotakiwa kuwa. Nikamwambia pia habari ya bahari, kwamba hata kuogelea sijui. Mama Furaha alikuwa anachambua maharage. Akaweka ungo chini, akatoka nje. Nilimsikia analia nyuma ya nyumba.

Nilitamani Nestori anitukane. "Mkono wangu ulijua ni mfupi, Mwalimu," akasema. "Nikaamini karatasi."

Kisha akaniambia niende nyumbani.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimewaambia ofisini. Mwalimu wa hisabati kainamia maandalio yake ya somo. Mkuu wa shule kasema mambo kama haya si lazima kuyatangaza. Jioni nimewatafuta wale wateja wawili, mmoja baada ya mwingine, nikawaambia kipimo kilikuwa changu na Nestori alinionya. Mmoja akanipa pole. Pole yake ilinichoma kuliko tusi.

Nimerudi nimechoka kama mtu aliyelima.

Jumanne, 26 Agosti
Upepo na vumbi. Vipindi vinne leo.

Kibanda cha Nestori kimefunguliwa. Baiskeli tatu zimeegemezwa nje. Nilisimama barabarani, nikataka kupita, nikaingia. Nikasalimia, "Mwakeye." Akaitikia bila kuinua kichwa. Jicho limefunikwa pamba. Alikuwa anatia spoki kwenye rimu, analitafuta tundu kwa ncha ya kidole, anakosa, anarudia. Nikasogea karibu nione kama nitafaa kwa lolote.

Tangu nifike hapa hakuna aliyewahi kuniita kwa jina langu.

"Sogea, Salehe," akasema. "Unaniziba mwanga."

Nikasogea.