Diski Iliyotufikisha

Busia, Jumanne, 1976

Bado naona ule ufa.

Fundi Okumu alipofungua gurudumu la mbele la pikapu leo, aliniita. "Bosi, kuja uone mwenyewe." Diski ya breki ilikuwa imepasuka toka ukingoni hadi karibu katikati. Na juzi tu nilimbeba mama humo, magunia ya dagaa wa omena yamejaa nyuma!

"Kule Sio Port unaoshea gari wapi?" fundi akauliza.

"Ziwani, kama kila mtu." Tukifika tu tunaliingiza majini, harufu ya samaki itoke kabla ya kupakia tena. Breki bado moto, maji baridi. Nani angewaza...

Kwenye duka la vipuri, mwenyewe Mzee Salim alinitolea jozi mbili za diski, moja inang'aa, nyingine ina kutu. Akazining'iniza diski kwa kamba, akazigonga kwa spana kusikia kama zina ufa. Zinazong'aa zikatoa sauti ya sufuria mbovu. Zenye kutu zililia kama kengele, mlio ukakaa hewani. Nikachukua hizo.

Jioni nimemkuta mama jikoni akiimba. Nikasimama mlangoni namsikiliza tu, mpaka akageuka.

"Kwani leo una nini?"

Nikamwambia tu aendelee kuimba.